Huu Wimbo Kaimba Nani?

Jumapili moja saa tatu usiku, kwenye grupu letu la ukoo, binamu yangu wa Korogwe alirusha wimbo. Hakuandika neno. Faili liliitwa AUD-20210613-WA0042, na juu yake ile alama ya mishale inayosema limesambazwa mara nyingi. Nikalifungua. Gitaa la solo likaingia peke yake kama mtu anayebisha hodi, likafuata ridhim, likafuata besi, halafu sauti mbili za kiume zikaanza kumlalamikia mtu aliyeondoka bila kuaga. Dakika tatu na sekunde arobaini. Katikati ya ubeti, wimbo ukafifia ukapotea.

Ndani ya saa moja tulikuwa na majibu matatu. Mjomba alisema huyo ni mwimbaji Marijani Rajabu, hana haja ya kusikiliza mara ya pili. Baba mdogo akauliza Marijani gani huyo, hiyo ni bendi ya Mlimani Park na sauti ya pili ni ya Bitchuka. Shangazi, ambaye kazi yake kwenye grupu ni kuweka picha za maua zenye maneno ya asubuhi njema, akaandika: "Hao wote hawamo. Msibishane." Hakuongeza kitu.

Kwa kawaida mambo huishia hapo. Wimbo unapendwa, unapelekwa grupu la kazini, grupu la kikoba, hadhi ya WhatsApp, na kesho yake mtu wa Muscat anaurudisha kwako kana kwamba ameuokota yeye. Umesafiri dunia nzima bila kitambulisho. Ukijaribu kuutafutia kitambulisho hicho, ndipo unapogundua kwamba swali dogo la "kaimba nani" limefungwa mafundo mengi, na machache tu kati yake yanafunguka kwa simu.

Kijana yeyote ataanza na Shazam, programu ya simu inayotambua nyimbo. Huduma hiyo ilianza Uingereza mwaka 2002: ulikuwa unapiga namba 2580, unaielekeza simu kwenye spika, na baada ya muda unapata ujumbe wa maandishi wenye jina la wimbo. Leo ni mali ya Apple, iliyoinunua mwaka 2018, lakini kanuni ni ileile. Simu haisikilizi maneno wala haijui rumba ni nini. Inachora picha ya sauti, muda ukienda mlalo, wembamba na unene wa sauti ukienda wima. Kisha inafuta karibu kila kitu na kubakiza vilele, zile nukta ambazo sauti imepanda kwa nguvu kuliko jirani zake. Kinachobaki kinafanana na anga la usiku usio na mwezi. Hapo inapima nyota na nyota: hii iko juu ya ile kwa kiasi gani, na imeifuata baada ya muda gani. Vipimo hivyo ndivyo vinavyopelekwa kwenye ghala la rekodi la Shazam kutafutiwa mwenzake.

Ndiyo maana wimbo unatambulika hata ndani ya baa yenye watu mia wanaopiga kelele. Kelele zinaongeza nyota za uongo, hazizifuti zote zile za kweli. Lakini mashine hii inatambua rekodi, haitambui wimbo. Bendi ikiurekodi wimbo mmoja mara mbili, kwa mashine hii ni nyimbo mbili zisizojuana. Na kama rekodi haijawahi kuingizwa ghalani na mtu yeyote, utasubiri hadi betri iishe.

Kuna jambo la pili ambalo nililijua kwa faili hilihili: kasi. Kaseti nyingi za majumbani zilirekodiwa kwa redio kaseti yenye betri zilizochoka. Mota ilikuwa inajikokota. Leo ukiicheza kaseti hiyo kwenye mashine iliyochomekwa ukutani, utepe unakimbia kuliko ulivyokimbia siku ile, na kila kitu kinapanda: magitaa, sauti, mwendo. Nyota zote zinahama pamoja, na mashine haioni anga inalolijua.

Utajuaje kwamba imekimbia? Niliuweka wimbo kwenye programu ya bure ya kuhariri sauti, nikasikiliza pale mwanzoni kabla gitaa halijaingia. Kulikuwa na mvumo mdogo sana, ule mvumo wa umeme unaoingia kwenye vyombo vya studio na vya redio. Umeme wa Afrika Mashariki unatikisika mara 50 kwa sekunde. Mvumo wangu ulikuwa karibu 53. Maana yake wimbo ulikuwa umekimbia kwa kama asilimia sita, ambayo kwenye gitaa ni nusu sauti nzima, kibonyezo kimoja cha kinanda. Nikaurudisha chini. Mwimbaji akazeeka miaka kumi papo hapo. Sauti iliyokuwa nyembamba na ya kubembeleza ikawa nzito, ya mtu mwenye kifua. Nikairusha upya kwenye grupu, na mjomba, kwa heshima zake, akakiri: "Mh. Basi huyu siye Marijani."

Kumbe wazee wetu hawakuwa wanabishana juu ya mwimbaji. Walikuwa wanabishana juu ya betri.

Shazam bado haikuutambua. Nilijaribu mara sita.

Kuna kisa cha Ujerumani ambacho wapenzi wa nyimbo zilizopotea wanakijua, na nitakisimulia kwa kirefu kwa sababu kinatuhusu kuliko kinavyoonekana. Karibu mwaka 1984, kijana mmoja wa kaskazini mwa nchi hiyo alikuwa na mazoea ya kurekodi nyimbo kutoka redio ya NDR. Mtangazaji akianza kusema, anasimamisha kaseti. Wimbo ukianza, anaiachia. Alitaka kaseti ibaki na muziki mtupu, na kweli ikawa safi. Ila jina la wimbo lilikuwa mdomoni mwa mtangazaji.

Mwaka 2007 dada yake aliuweka mtandaoni wimbo mmoja kati ya zile zilizowashinda kuzitambua, akaomba msaada. Hakuna aliyejua. Mwaka 2019 ukawafikia watu wa Reddit, jukwaa la mijadala la mtandaoni, wakaubatiza wimbo wenye fumbo kuliko zote za mtandaoni, na maelfu wakaanza kuusaka. Walifanya kazi ya kipelelezi hasa. Walitazama nyimbo nyingine za kaseti ileile, zile zenye tarehe zinazojulikana, wakakadiria mwaka. Wakasikiliza kinanda, wakaona kinafanana na Yamaha DX7, chombo kilichoingia sokoni 1983, kwa hiyo wimbo usingeweza kuwa wa kabla ya hapo. Wakachora picha ya sauti wakakuta mstari mwembamba kwenye kilohezi 10, yaani mitikisiko 10,000 kwa sekunde, uleule uliokuwamo kwenye rekodi nyingine zilizotoka NDR, dalili kwamba wimbo ulipigwa redio hiyo. Watangazaji wa zamani wakaulizwa, hawakuukumbuka. Hata maneno yalikuwa ugomvi, maana mwimbaji anaimba Kiingereza cha lafudhi na kaseti ina ukungu.

Jibu lilikuja Novemba 2024, na halikutoka kwenye mashine iliyousikiliza wimbo. Mtafutaji mmoja alikuwa anapekua magazeti ya zamani akifuatilia bendi ndogo zilizopita kwenye Hörfest, shindano la muziki la NDR. Akakuta habari ya bendi iitwayo FEX, ya mji wa Kiel. Akawatafuta wanabendi, wakazungumza, na wimbo ukapata jina lake, Subways of Your Mind. Wenyewe walikuwa wameshakuwa wazee na hawakuwa na habari kwamba kuna watu wanawatafuta. Hawakuwahi kuutoa dukani, ndiyo maana hakuna ghala lolote duniani lililokuwa nao.

(Aprili ya mwaka huohuo kipande kingine, cha sekunde 17, kilichosumbua watu tangu 2021, kilipatikana ndani ya filamu ya watu wazima ya mwaka 1986. Aliyekipata hakuulizwa sana alikuwa anatafuta nini.)

Kijana yule wa NDR alikata jina la wimbo kwa kidole, kwa sababu alitaka usafi. Sisi tunalikata bila kukusudia. Mtu wa Tanga ana faili lenye jina zuri, bendi na mwaka, analiweka WhatsApp, linapofika upande wa pili limeshaitwa AUD, tarehe, WA, namba. Na tarehe yenyewe ni ya siku faili lilipopita WhatsApp, kwa hiyo kila likisambazwa na kuhifadhiwa upya linaweza kuzaliwa tena. Nimeona wimbo wa miaka ya sitini wenye tarehe ya juzi.

Ila Wajerumani walikuwa na bahati ambayo sisi hatuna. Kwao bendi ilikuwa moja, yenye jina moja. Kwetu hata ukipata jina, hujapata kitu bado.

Chukua bendi iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Iliitwa NUTA Jazz. Chama kikabadilika kuwa JUWATA, bendi ikawa JUWATA Jazz. Chama kikawa OTTU, bendi nayo ikawa OTTU Jazz. Mwisho ikajiita Msondo Ngoma. Ukiona mahali pameandikwa nyimbo nne za bendi nne, huenda ni watu walewale kwenye jukwaa lilelile. Halafu igeuze: chukua mtu mmoja, Muhiddin Maalim Gurumo. Aliimba NUTA, akaondoka mwaka 1978 kwenda kuianzisha Mlimani Park, akaenda OSS (Orchestra Safari Sound), akarudi JUWATA na kubaki huko. Anayesema "hii ni sauti ya Gurumo" anaweza kuwa sahihi kabisa na bado asijue bendi. Mbaraka Mwinshehe naye alikuwa Morogoro Jazz, kisha akaunda Super Volcano, akaenda nayo hadi ajali iliyomuua Mombasa mwaka 1979. Mtandaoni kila kitu chake kinaitwa Mbaraka tu, kama vile alikuwa anapiga magitaa yote peke yake.

Kwa Wanyika ndiyo usiseme. Ndugu kutoka Tanga, Wilson na George Kinyonga, walikwenda Kenya wakaunda Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao wakajitenga wakaunda Les Wanyika, na baadaye ikaja Super Wanyika, na Wanyika Stars. Sina Makosa ni ya Les Wanyika. Nasema hivi nikiwa na aibu kidogo, kwa sababu miaka kadhaa nyuma niliuweka kwenye grupu moja kwa jina la Simba Wanyika, na hadi leo narudishiwa kosa langu na watu wasiojua kwamba ni mimi niliyelizaa.

Basi wasikilizaji wa zamani walikuwa wanatambuaje? Walikuwa na kitu ambacho hakuna kwenye programu yoyote: mtindo. Kila bendi ya dansi ya Tanzania ilikuwa na mtindo wake wenye jina, na jina hilo lilikuwa uchezaji, mpangilio wa magitaa na bendi yenyewe kwa mkupuo mmoja. Sikinde ni Mlimani Park. Msondo ni NUTA na warithi wake. Saboso ni Western Jazz. Afrosa ni Afro 70 ya Patrick Balisidya. Ndekule ni OSS, Super Bomboka ni Dar International, Pamba Moto ni Vijana Jazz. Bendi zilihamahama wanamuziki lakini mtindo ulibaki nyumbani, na kwa kuwa ulikuwa bendera, ulitajwa. Mwimbaji anaupiga kelele, anamwita mpiga solo kwa jina, anamsalimu mtu aliyeketi meza ya mbele.

Anafanya hivyo wapi? Kwenye chemko. Wimbo wa dansi una sehemu mbili. Ya kwanza ni polepole, hapo ndipo hadithi inasimuliwa na watu wanashikana kiunoni. Ikifika katikati magitaa yanabadilika, tarumbeta zinaingia, ngoma zinakaza, wachezaji wanaachana. Hiyo ndiyo chemko. Maneno yanapungua, majina yanaongezeka. Kwa mtafutaji, sehemu ya kwanza ina utamu na ya pili ina ushahidi.

Sasa niambie faili letu lilififia wapi.

Hapa inabidi niingie kiwandani. Tanzania Bara, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilikuwa na redio moja, RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam), na redio hiyohiyo ndiyo iliyokuwa studio. Bendi iliingia, ikarekodi kwenye utepe wa rili, wimbo ukapigwa hewani. Urefu haukuwa shida kubwa. Dakika nane zilivumilika. Lakini nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Aliyetaka santuri alikwenda Nairobi, au utepe ulikwenda kwa niaba yake. Na santuri ndogo, ile ya mizunguko 45 kwa dakika, inabeba dakika tatu na kitu, nne au tano ukibana, kila upande. Wimbo wa dakika nane hauingii. Wakafanya lililowezekana: upande wa kwanza Part 1, upande wa pili Part 2. Fundi anaupunguza sauti taratibu kwenye dakika ya tatu na nusu, unageuza sahani, unaendelea.

Kwa hiyo ule mfifio wa ghafla katikati ya ubeti ulikuwa taarifa. Uliniambia kwamba chanzo cha faili letu, hata kama kilipitia kaseti baadaye, ni santuri ya 45. Kwamba huenda ilifyatuliwa Nairobi. Na kwamba chemko yetu, yenye mtindo na majina yote, iko upande wa pili ambao hakuna aliyejisumbua kuugeuza. Ukianza kuangalia utaliona jambo hili kila mahali. YouTube imejaa nyimbo zetu za zamani zinazokatika zinapoanza kunoga. Vijana wanadhani ndivyo zilivyotungwa, za huzuni na fupi. Kuna watu wamekua wakijua nusu ya muziki wa wazazi wao, nusu ya polepole.

Santuri yenyewe, ukiishika mkononi, inajieleza. Lebo ina jina la wimbo, bendi, mara nyingi mtunzi, na namba ya toleo. Hata lebo ikiwa imebanduka, tazama ile sehemu tupu kati ya mwisho wa mfereji na lebo: kuna namba iliyokwaruzwa kiwandani kwa ncha kali, na kwa mtu mwenye orodha za matoleo namba hiyo ni sawa na cheti cha kuzaliwa. Wapo wauzaji Nairobi, pale Soko la Kenyatta na kwenye duka la Melodica mtaa wa Tom Mboya, ambao utamtajia mmoja wao jina la bendi naye anakuuliza unataka toleo la lebo gani. Kwa watu wa namna hiyo ningemtoa mtoto akasomee ufundi.

Lakini mtandaoni santuri haiji na lebo yake. Inakuja na picha yoyote iliyo karibu. Haya si ya Afrika peke yake. Wimbo wa Kijapani wa Mariya Takeuchi, Plastic Love, wa mwaka 1984, ulifufuka mwaka 2017 baada ya mtu kuupakia YouTube na mfumo wa mapendekezo kuupeleka kwa mamilioni ya watu ambao hawakuuomba. Ile picha yake ya tabasamu ambayo sasa kila mtu anaihusisha na wimbo huo ilitoka kwenye santuri nyingine ya mwimbaji huyohuyo. Mpiga picha akadai haki yake, video ikaondolewa mwaka 2018, ikarudi mwaka uliofuata. Mamilioni waliupenda wimbo kupitia uso wa wimbo mwingine. Kwetu ni jambo la kila siku: sauti ya Salum Abdallah, picha ya bendi ya Kikongo, maandishi yanasema zilipendwa nonstop.

Na jina baya lina tabia ya kuzaa. Mtu wa kwanza anakosea, wa pili ananakili, wa tatu anaona limeandikwa sehemu mbili anaamini limethibitishwa. Baada ya mwaka mmoja ukiuliza, utapewa jibu moja kutoka vyanzo kumi, na vyote kumi ni mtu mmoja aliyekuwa na haraka.

Mpaka hapa unaweza kusema ni michezo ya watu wasio na kazi. Ingekuwa hivyo kama isingekuwa pesa.

Kila wimbo uliorekodiwa una haki mbili zinazotembea pamoja kama mtu na kivuli chake. Moja ni ya utunzi, maneno na melodi. Ni ya mtunzi, na kwa sheria za Kenya na za Tanzania hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, zikifaidi familia yake. Ya pili ni ya rekodi, ule utepe wenyewe. Kwa kawaida ni ya aliyegharamia studio. Malaika ni mfano wa jinsi ya kwanza inavyoweza kuvurugika: Fadhili William aliurekodi na jina lake ndilo lililoandikwa, Adam Salim akadai ni wake, na wakati huo Miriam Makeba alikuwa ameshaufikisha kwa watu ambao hawakujua hata ni lugha gani. Mizozo ya namna hiyo huanza na karatasi iliyojazwa vibaya au isiyojazwa kabisa.

Mtandao umeongeza mlango wa tatu. Tangu 2007 YouTube ina mfumo wa Content ID, ambao unafanana kwa akili na Shazam: mwenye haki anapeleka rekodi, mfumo unachukua alama zake, na kila video itakayotumia rekodi hiyo inaonekana, na mapato ya matangazo yanaweza kwenda kwake. Neno la kuangalia hapo ni "mwenye haki". Mfumo unamjua aliyepeleka faili na kudai. Wimbo usio na jina la kweli hauna wa kuutetea, kwa hiyo mtu aliyeununua mkanda gengeni anaweza kujisajili nao kupitia msambazaji wa mtandaoni, na mjane wa mpiga gitaa akiuweka kwenye ukurasa wake wa kumbukumbu, yeye ndiye anayetumiwa onyo.

Inawezekana kufanya vizuri. Mmarekani Brian Shimkovitz alinunua kaseti mtaani Cape Coast, Ghana, mwaka 2002. Jina juu yake lilikuwa Ata Kak, kaseti ya mwaka 1994 ambayo nakala zake zilikuwa chache mno. Mwaka 2006 akairusha mtandaoni, watu wakaipenda, lakini msanii hakujulikana alipo. Angeweza kuridhika hapo. Kaseti alikuwa nayo na sifa alizipata. Alimtafuta kwa miaka hadi akampata, Yaw Atta-Owusu, na mwaka 2015 albamu ikatolewa upya kwa makubaliano. Utaratibu wa lebo yake ni kugawana faida nusu kwa nusu na wasanii. Mzee yule akapanda majukwaa ya Ulaya kwa nyimbo alizodhani zimekufa. Kati ya kurusha na kumpata mtu pana kazi ya miaka, na kazi hiyo haina likes.

Siku hizi nikipokea kitu kizuri nafanya mambo machache kabla hakijatoka mkononi mwangu. Naandika kimetoka kwa nani na yeye alikitoa wapi, hata kama jibu ni "kaseti ya marehemu babu". Nalibadilisha jina faili na kulituma kama waraka, lisipite kwenye njia ya sauti inayolivua nguo. Nisilolijua naliandika silijui. "Haijulikani" ni neno la heshima, na linamwachia nafasi anayejua. Na nawauliza wazee mapema, tena mmojammoja, kwa sababu kwenye grupu mwenye sauti kubwa ndiye mwenye kumbukumbu.

Desemba iliyofuata shangazi alikuja Dar kwa matibabu ya macho, akafikia kwangu. Jioni, baada ya shikamoo za watoto na chai, nikamwekea wimbo, ule niliourudisha kasi yake. Alisikiliza akiwa amefumba macho, kichwa kimeegemea kiti. Ulipofika pale unapofifia, hakufungua macho. Aliendelea. Alimalizia ubeti uliokatika, akapiga ulimi mara mbili, halafu akaanza kuimba tarumbeta kwa mdomo, pa-pa-paa, pa-pa-paa, vidole vikigonga mkono wa kiti kwa mwendo wa haraka zaidi.

"Shangazi, hapo wanataja mtindo gani?"

"Ngoja, unanikatiza." Akarudia. "Hapo kuna jina la mtu. Mpiga solo. Anaitwa mara tatu. Jina silioni, lakini tulikuwa tunapiga makofi hapa." Akapiga. "Ukumbi wa Chama, Korogwe, walikuja na basi. Mwaka ule mimi nina mimba ya dada yako."

Dada yangu huyo, mwanawe wa kwanza, amezaliwa Machi 1974.

Nilirekodi kwa simu, sekunde 51. Mafaili yote mawili sasa yako kwenye folda moja. Lile la kwanza linaitwa "Haijulikani, santuri ya 45, upande wa kwanza, kasi imerekebishwa, kutoka Korogwe". La pili linaitwa "Upande wa pili, kwa mdomo wa shangazi, bendi ilipita Korogwe kabla ya Machi 1974, hapa ndipo anapoitwa mpiga solo".